Amana ya Ambaye Hajafika

Katika mji wa Kitengela, juu ya safu ya maduka yaikabiliyo barabara kuu iendayo Namanga, palikuwa na chuo, ambacho jina lake nitaliacha, kilichokodi orofa mbili za jengo la biashara kikazigeuza madarasa. Na mwisho wa ujia wa orofa ya juu palikuwa na chumba ambacho mlango wake uliandikwa kwa rangi nyekundu kuwa ni cha umoja wa wanafunzi. Nilifika pale alasiri moja kwa mwaliko wa vijana waliotaka nizungumze nao juu ya lugha, nikakuta mlango umetiwa kufuli, na vijana wapatao 20 wameketi ngazini, vitabu magotini, kwa sababu baina ya somo na somo hawakuwa na mahali pengine pa kukaa. Nilipouliza ufunguo u wapi, niliambiwa anao mwenyekiti. Na nilipouliza mwenyekiti yu wapi, niliambiwa amekwisha kuhitimu, amerejea kwao, na ufunguo amekwenda nao. Nilichungulia kwa kidirisha cha mlango nikaona viti vya plastiki vimepandanishwa karibu kufika darini, meza ya mchezo imeegemezwa ukutani, na runinga imefunikwa kanga. Kila kijana aliyeketi ngazini alikuwa amelipa ada ya umoja siku alipojiandikisha, na risiti anayo.

Binti mmoja, ambaye nadhani aliona uso wangu umebadilika, aliniambia kwa upole, kana kwamba anamfariji mgeni, "Mwalimu, usisikitike, viti vile ni vyetu sote, ndiyo maana havina mwenyewe."

Neno lile nililichukua mpaka nyumbani, wala halijanitoka tangu siku hiyo, kwa kuwa limebeba swali ambalo wenye hekima wamelihangaikia kwa karne nyingi: kitu cha wote ni cha nani? Je, ni kweli kwamba kitu kikiwa cha kila mtu kinakoma kuwa cha mtu, kama tone la samli lililotiwa katika pipa la maji? Aristotle wa Uyunani aliona, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba kinachoshirikiwa na watu wengi ndicho kipatacho uangalizi mdogo, kwa maana kila mmoja hudhani kwamba mwenzake atakishughulikia. Na mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin aliandika makala iliyosomwa dunia nzima, akitoa mfano wa malisho yasiyo na mwenyewe: mchungaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida yote ni yake, ilhali hasara ya nyasi inaenea juu ya wote, basi kila mmoja huongeza mmoja, na mmoja tena, hata nyasi zikaisha na wote wakaangamia pamoja. Mwaka uleule wa 1968, pasipo mmoja kujua habari za mwingine, Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuyaandikisha malisho ya Wamaasai kwa majina ya vikundi, na zikazaliwa zile zilizoitwa ranchi za vikundi. Na ardhi ambayo leo imebeba maduka, na jengo la chuo, na mlango wenye kufuli, ni jirani wa karibu wa iliyokuwa mojawapo ya ranchi hizo.

Sina budi kusimama hapa kidogo, kwa kuwa kisa cha ardhi ya Kitengela ni mwalimu mkubwa kuliko makala yoyote. Wamaasai, ambao kwa mapatano ya 1904 na 1911 walikuwa wameondolewa katika malisho yao bora ya kaskazini na kusukumwa kusini, waliyashika mabonde ya Kajiado kwa desturi ya kushirikiana maji na nyasi. Na sheria ya 1968 iliyapa mabonde hayo daftari la wanachama na kamati ya wasimamizi. Ranchi ya Kitengela, yenye wanachama wapatao 200, iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapewa kipande chake na hati yake. Sitawalaumu waliogawanya. Walikuwa wameona wakubwa wakijimegea ardhi ya wote kwa siri, na mtu aogopaye kunyang'anywa chote huona heri kushika sehemu. Lakini tazama nani aliyekuwamo katika daftari: aghalabu ni waume wenye miji. Mke hakuandikwa, mwana aliye mgongoni hakuandikwa, na aliye tumboni hakuandikwa. Na siku ya kugawanya, walioandikwa waligawana kitu ambacho, kwa desturi ya wazee wao, kilikuwa pia cha hao wasioandikwa.

Yaliyofuata kila mtu wa Kajiado anayajua. Viwanda vya eneo la biashara ya nje vilipojengwa Athi River katika miaka ya 1990, wafanyakazi walihitaji vyumba, vipande vya ardhi vikauzwa vikakatwa viwanja, na seng'enge ikaenea pale palipokuwa na njia ya punda milia na nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi, ambayo tangu ilipotangazwa mwaka 1946 upande wake wa kusini umeachwa wazi ili wanyama wapite. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kwa kila ekari ili wasiizungushie ua. Fikiri hayo, msomaji: uwazi, ambao zamani ulikuwapo bila ya mtu kuulipia, ukawa kitu cha kukodishwa kwa mwaka. Hivyo ndivyo ilivyo thamani ya kitu cha wote: haionekani katika hesabu yoyote mpaka kitu chenyewe kimekwisha kuondoka.

Hata hivyo Hardin alikosea jambo moja, na kosa lake linaonekana vizuri mtu asimamapo katika boma la Mmaasai kuliko akaapo maktabani. Malisho ya Wamaasai hayakuwa mali isiyo na mwenyewe. Karibu na boma palitengwa sehemu iitwayo olopololi, ambamo nyasi ziliachwa zikue wakati kundi kubwa linapelekwa mbali. Na nyasi hizo hazikuwa za mwenye ng'ombe wengi wala za mwenye nguvu, bali za ndama wasioweza kwenda safari ndefu, na za ng'ombe wagonjwa. Aliyeingiza humo fahali wake alikuwa amekosa, na kosa lake lilikuwa na jina, na wazee wa kulihukumu. Mwanachuoni mwingine wa Marekani, Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia umri wake kukusanya mifano kama hiyo kutoka pande zote za dunia. Mmojawapo ni wa kijiji cha Törbel huko Uswisi, ambako kanuni iliyoandikwa mwaka 1517 ilimkataza mwanakijiji kupeleka katika malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko aliowaweza kuwalisha kwa majani yake mwenyewe wakati wa baridi. Mswisi na Mmaasai hawakupata kuonana, lakini wote wawili walijua kwamba kitu cha wote hudumu pale wote wanapojua ni cha nani hasa, na nani asiruhusiwe kukigusa.

Basi nashika hoja yangu. Mwanafunzi wa leo aliyetoka Garissa au Kisii au Loitokitok akaja kusoma Kitengela au Kajiado mjini huishi katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo kitanda, jiko na meza ni jirani wasioachana. Maji huyanunua kwa mtungi kwa mwenye mkokoteni, kwa kuwa maji ya visima vingi vya nchi ile yana chumvi. Na jioni, umeme ukikatika, hana pa kwenda. Kwake yeye chumba cha umoja wa wanafunzi, chenye viti, na taa, na mahali pa kuchajia simu, na intaneti, na bomba la maji ya kunywa, na pembe tulivu ya kusali, na mtu wa kumsikiliza anapokuwa amefiwa au ameishiwa, si anasa wala si mahali pa kupotezea wakati. Ni olopololi yake. Ni malisho yaliyotengwa kwa ajili ya asiyeweza bado kwenda mbali. Na kama ni hivyo, kufungia viti ndani na kuondoka na ufunguo ni dhuluma inayostahili kuitwa kwa jina lake, ijapokuwa hakuna senti moja iliyoibiwa.

Wilaya hii ya Kajiado, ambayo chini ya Katiba ya 2010 imekuwa kaunti, imejaliwa vyuo vikuu vilivyojengwa juu ya msingi wa dini. Ongata Rongai kipo Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, kilichopewa hati yake mwaka 2002, na kipo vilevile Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika. Na Kajiado mjini kipo Chuo Kikuu cha Umma, ambacho asili yake ni chuo cha Sharia na masomo ya Kiislamu kilichokuwa Thika. Kwa hiyo si vibaya kuziuliza dini zenyewe zinasema nini juu ya kiti cha wote, maana pengine jibu limo ndani ya nyumba na sisi tunalitafuta nje.

Katika Matendo ya Mitume imesimuliwa jinsi waumini wa kwanza walivyofanya mali zao kuwa shirika. Wahubiri wengi huishia kwa Anania na mkewe Safira, waliouza shamba wakazuia sehemu ya thamani yake, wakaanguka wakafa. Nao hutisha watu kwa kisa hicho kana kwamba kosa lilikuwa kubakiza. Sivyo. Petro alimwambia Anania waziwazi kwamba shamba lilikuwa lake na fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake ni kuuita wa wote mfuko ambao sehemu yake ameishika mwenyewe. Kiongozi wa wanafunzi asemaye "ukumbi wetu" na ufunguo umo mfukoni mwake daima, asikilize kisa hicho kwa makini. Lakini mimi hupenda zaidi sura ifuatayo ya kitabu hichohicho, ambayo husomwa upesi mno: wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku, manung'uniko yakatokea, na jumuiya ikaagizwa ichague watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, ili wasimamie meza. Huo, kwa maoni yangu, ndio uchaguzi ambao kila umoja wa wanafunzi ungepaswa kuufanya kielelezo chake, kwa maana haukuzaliwa na tamaa ya cheo. Ulizaliwa na sahani iliyopita bila ya kumfikia mtu, tena mtu mgeni wa lugha.

Uislamu kwa upande wake una elimu kamili ya jambo hili, nayo pwani yetu imeishi ndani yake kwa karne nyingi: wakfu. Umar bin Al-Khattab, alipopata ardhi nzuri huko Khaybar akamwuliza Mtume (s.a.w.) aifanye nini, alishauriwa auzuie mzizi wake na ayatoe sadaka matunda yake, na tangu hapo ardhi ile haikuuzwa, haikupewa mtu, wala haikurithiwa. Visima, misikiti, minazi na nyumba za Lamu na Mombasa ziliwekwa wakfu kwa utaratibu huo, na Serikali ya kikoloni yenyewe ililazimika kuwatungia wasimamizi wake sheria mwaka 1951. Ajabu ya wakfu ni hii: aliyekitoa kitu hana tena haki ya kukirejesha, na anayekitumia hana haki ya kukimaliza. Anayekisimamia huitwa mwaminifu kwa maana kamili ya neno, yaani mchukuzi wa amana. Na Kurani inatufundisha kwamba amana ilipotandazwa mbele ya mbingu na ardhi na milima, vyote viliogopa kuichukua, akaichukua mwanadamu. Sijui kama vijana wa Kajiado hulifikiri jina la chuo chao kila wanapolitamka, lakini mimi naliona jina zito sana; kwa Kiswahili umma ni watu wote, na ni wachache mno wanaoweza kusimama mbele ya watu wote na kusema wamezichunga mali zao.

Hapa ndipo msomaji mwenye akili kali atanikatiza, na ana haki. Amana, atasema, sharti iwe na mwenyewe, naye awe mtu anayeweza kuja kuidai. Sasa mwenye viti vya Kitengela ni nani? Wanafunzi waliovinunua wamekwisha kuhitimu na hawarudi. Wanafunzi wa leo wataondoka baada ya miaka minne. Kama mwenyewe ni mwanafunzi wa kesho, huyo hayupo, na asiyekuwapo hawezi kudhulumiwa. Mwanafalsafa wa Uingereza, Derek Parfit, alilichimba swali hilo katika kitabu chake cha 1984 mpaka likawatatanisha hata waliokuwa na yakini: tunawezaje kumkosea mtu ambaye bado hajaumbwa, na ambaye pengine asingeumbwa kabisa lau sisi tungetenda vingine?

Kwa habari ya karne zijazo, nakiri kwamba swali ni gumu. Lakini kwa habari ya viti vya Kitengela si gumu hata kidogo. Mwenye viti hivyo yupo. Leo yumo kidato cha tatu katika shule ya Isinya au Ilbisil, amevaa sare, anahesabu siku za mtihani, na mama yake ameanza kuweka akiba kwa kuuza maziwa. Hajui kama atakuja. Hajui kama kuna chumba mwisho wa ujia. Lakini haki yake imekwisha kuzaliwa, kama vile haki ya mrithi aliye tumboni inavyosubiriwa katika sheria ya mirathi, ambayo humwekea fungu lake mtoto ambaye jina lake halijatajwa na mtu. Wagawaji wa 1988 walimsahau aliye tumboni, na hasara yake tumeiona kwa macho. Je, wasomi wakirudia kosa lilelile katika chumba cha hatua sita kwa nane, elimu yao imewafaa nini?

Wako watakaosema kwamba ada ni ununuzi, mtu amelipa na ametumia, hadaiwi. Hoja hii huipenda hasa wale waliopata kukaa katika viti. Lakini ada ya mwaka mmoja wa mtu mmoja haiwezi kununua hata meza. Mwanafunzi anayeingia leo hukuta vitu vilivyonunuliwa kwa ada za watu asiowajua, akavitumia bure, na kwa ada yake hulipia vitu ambavyo yeye hatavitumia. Kila mmoja hupokea kutoka kwa aliyeondoka na hulipa kwa asiyefika. Deni la namna hiyo haliwezi kulipwa kwa yule aliyekukopesha. Njia yake ni moja tu, nayo ni mbele.

Nakumbuka pia kwamba vyama vya wanafunzi katika nchi zetu vimeandika kurasa za ushujaa, na sipendi mtu adhani nimezisahau. Symonds Akivaga, Mkenya aliyeongoza wanafunzi wa Dar es Salaam, alifukuzwa chuoni Julai 1971 baada ya kumwandikia makamu mkuu wa chuo waraka wa wazi. Titus Adungosi, mwenyekiti wa wanafunzi wa Nairobi, alihukumiwa kifungo cha miaka kumi mwaka 1982, akafia kifungoni mwaka 1988. Waliotangulia walilipia sauti kwa bei isiyosemeka. Lakini taathira moja ya historia hiyo imekuwa kwamba tumemfunza kijana kuwa kiongozi wa wanafunzi ni mtu wa jukwaa, wa kipaza sauti na wa maandamano, na hatukumfunza kwamba yeye pia ni mtunza viti. Na kwa kuwa kutunza viti hakumpatii mtu sifa, mabomba yanavuja, vyoo vinafungwa, mfuko wa kuwasaidia mayatima unakauka wiki ya uchaguzi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, pamoja na marekebisho yake ya 2016, ilieleza jinsi viongozi walivyopaswa kuchaguliwa kupitia wajumbe, na iliwawekea ukomo wa vipindi viwili. Ni sheria yenye manufaa. Lakini hakuna sheria inayoweza kuingia katika mfuko wa mtu aliyehitimu ikautoa ufunguo.

Na naelewa vilevile, wala silisemi hili kwa kuwapunguzia lawama, kwamba baadhi ya vijana hao huingia madarakani na njaa. Kijana anayeishi kwa mlo mmoja kwa siku akikabidhiwa hesabu ya fedha za watu mia tano amepewa mtihani ambao wazee wengi wenye mashamba na magari wameushindwa hadharani. Ndiyo maana tusimwachie nafsi yake peke yake. Wazee wa olopololi hawakutegemea wema wa mwenye fahali. Walitegemea macho ya majirani, na hesabu iliyojulikana na wote.

Siku ile tulizungumza palepale ngazini, mimi nikiwa nimekaa kipandio cha juu, na maongezi yakaendelea hata taa za barabarani zikawaka. Ufunguo ulirudi baada ya siku 11, nikaambiwa, umetumwa kwa matatu ndani ya bahasha; na kiti kimoja tu ndicho kilichoonekana kimevunjika mguu.

Nanyi viongozi wa wanafunzi wa Kitengela, wa Kajiado na wa Rongai, ambao muhula wenu unakaribia kwisha, nawaomba jambo moja. Kabla hamjaondoka, waiteni wale walioingia mwaka huu, wasimame chumbani, mkawahesabie mbele ya macho yao viti, na meza, na taa, na mabomba, na shilingi zilizobaki katika mfuko. Kisha mwambieni mdogo kuliko wote aushike ufunguo, na mwambieni ni wa nani.